Theluthi ya Siku

Bukavu, tarehe 20 Februari 1980

Papa mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka hapa internat, bweni la masista. Mimi ni mzima, kikohozi cha Januari kimekwisha, na chakula kinatosha isipokuwa siku za Ijumaa. Je, wewe na Maman mko wazima? Goti lake linasemaje? Na mpunga umeshika?

Nakuandikia kwa ajili ya Jumamosi. Najua hata ninyi huko Luberizi mliona. Masœur Constance, sista anayetufundisha jiografia, alitutoa wote uwanjani saa nne. Alitukataza kabisa kuangalia juu. Tulitoboa karatasi kwa sindano, tukaacha mwanga upite na kuanguka kwenye karatasi nyingine chini. Hapo jua likaonekana dogo kama punje ya mtama, likaliwa pole pole mpaka likabaki kama ukucha uliokatwa. Kuku wa masista waliingia kibandani wenyewe.

Tuliporudi darasani niliinua mkono nikauliza kama jua linaweza kuwa pete. Wasichana walicheka. Masœur hakucheka. Alisema mwezi hauendi sikuzote kwa umbali ule ule. Kuna nyakati uko mbali zaidi nasi, na unaonekana mdogo kuliko jua. Ukipita mbele yake wakati huo haulifuniki lote, na pembeni pote inabaki duara ya moto. Alisema hata wataalamu wa kale walibishana juu ya jambo hili. Mmoja wa Aleksandria alifundisha kwamba mwezi hauwezi kuwa mdogo kuliko jua, kwa hiyo pete haiwezekani. Lakini mwingine alikuwa ameandika kwamba imeonekana.

Papa, basi hukusema uongo juu ya jua la pete. Tangu nilipopata akili, Papa mukubwa Marcellin anakuita Papa Pete mbele ya watu, na wewe unanyamaza. Tafadhali niandikie siku na saa uliyoiona. Najua uliiandika mahali. Wewe unaandika kila kitu.

Mtoto wako,
Nsimire

*

Luberizi, 9 Machi 1980

Mutoto wangu Nsimire,

Barua yako ilifika na Télesphore, dereva wa kamiyo ya mchele. Inanuka mafuta ya mazutu lakini inasomeka. Hapa tuko wazima. Goti la maman yako linauma siku za kupanda mpunga tu, siku za kwaya haliumi. Anakusalimu na anauliza kama sweta bado inakutosha.

Ndiyo, tuliliona lile jua. Watu walipiga masufuria mpaka likapona. Kisha kaka yangu Marcellin akanijia mbele ya kanisa. «Citoyen Philémon, umeona sasa? Jua inaumwa, inapona, basi. Iko wapi pete yako? Ao uliitia mufukoni?» Watu walicheka. Hata mimi nilicheka kidogo, kwa sababu alisema vizuri.

Nimetafuta kaye yangu, daftari langu la wakati ule, nilipokuwa kapita, msimamizi wa wafanyakazi wa barabara upande wa Kabambare. Imeandikwa hivi: «Tarehe 31 Julai 1962, saa kumi kasoro robo mchana. Jua limekuwa pete. Mawingu mepesi, tumeliangalia bila kuumia. Wafanyakazi 14, wote wameona. Hakuna aliyefanya kazi tena.» Wale kumi na wanne sijui wako wapi leo.

Huku habari kubwa ni maji. Unajua ni mimi ninayeshika kaye ya zamu za mfereji, na kila mulimaji anafungua maji kwa masaa manane. Tulikuwa mashamba thelathini, kwa hiyo zamu ilizunguka kwa siku kumi kamili, na kila mutu alirudi saa ile ile. Mwenye asubuhi alibaki na asubuhi, mwenye usiku alibaki na usiku, mwaka hata mwaka. Mwezi wa kwanza niliandika jina la thelathini na moja, Mama Delphine, mjane, maana shamba lake lilikauka mara mbili. Sasa mzunguko ni siku kumi na masaa manane, na zamu zinateleza. Kila mutu anaonja asubuhi, anaonja mchana, anaonja usiku. Marcellin, ambaye alikuwa na asubuhi tangu mfereji uchimbwe, amekasirika sana. Mwisho wa Agosti watu watachagua tena nani ashike kaye. Yeye anaitaka. Akiipata atafuta jina la Mama Delphine, amekwisha kusema.

Soma vizuri.

Papa yako

*

Bukavu, tarehe 4 Mei 1980

Papa mpendwa,

Ninakuamkia kwa heshima, pamoja na Maman. Sweta inanitosha, mikono tu ndiyo imekuwa mifupi. Mitihani ya katikati imepita, nina 78 katika hesabu. Huko mko salama? Mama Delphine anapata maji yake?

Masœur Constance aliniazima kitabu chake cha Kifaransa juu ya nyota, cha zamani, kurasa zake ni za njano. Kinasimulia kwamba zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, katika nchi ya Babeli, watu waliangalia anga kwa zamu, baba akimwachia mtoto kazi hiyo. Waliandika kwenye vipande vya udongo mbichi: siku fulani, saa fulani, jua limepatwa. Hawakujua mwezi ni kitu gani. Walihesabu tu. Na kwa kuhesabu waligundua kwamba kila kupatwa kuna ukoo wake, na kunarudi na sura ile ile baada ya siku 6585. Ndiyo miaka kumi na minane na siku kumi au kumi na moja.

Siku ya hatari ilipokaribia waliogopa kwamba mfalme atakufa. Basi walimwondoa kitini, wakamkalisha mtu mwingine wa kawaida avae nguo zake mpaka hatari ipite. Baadaye mtu huyo aliuawa. Sehemu hiyo sikuipenda.

Papa, nilichukua tarehe yako nikahesabu. Kutoka 31 Julai 1962, siku 6585 zinaangukia tarehe 10 Agosti mwaka huu, siku ya Mungu. Saa itakuwa ile ile, saa kumi kasoro robo mchana. Pete yako inarudi, Papa. Sijamwonyesha Masœur, kwa sababu amepelekwa Lwiro kupumzika na mapafu yake. Lakini nimehesabu mara tatu.

Mtoto wako,
Nsimire

*

Luberizi, 1 Juni 1980

Nsimire mutoto wangu,

Sisi wazima, mvua imetuachia. Maman yako anasema 78 ni nzuri lakini kuna wale waliopata 80.

Nilikaa na barua yako siku nne kabla ya kumwambia mutu. Nilihesabu mwenyewe, mwaka kwa mwaka, na miaka mirefu nikaiongeza. Kufika 31 Julai ni 6575, na kumi juu. Uko sawa.

Sikutaka kusema. Lakini Jumapili, baada ya misa, Marcellin alisimama mbele ya walimaji wote akasema: «Mutu aliyeona pete kwenye jua, munamwachia hesabu ya maji yenu? Kesho ataona mashamba makumi ine!» Hapo mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema: «Tarehe kumi Agosti, saa kumi kasoro robo, njoo hapa na utaiona.» Marcellin akaniangalia sana, kisha akasema: «Ikitoka, mi siombe tena ile kaye. Isipotoka, unaiweka chini wewe mwenyewe.» Nikasema sawa. Tulishikana mikono, na watu waliona.

Kwa habari ya yule mfalme, nilimwambia Marcellin kwamba siku hiyo ninaweza kumwazima kiti changu. Hakuelewa kwa nini maman yako alicheka.

Papa yako

*

Bukavu, tarehe 22 Julai 1980

Papa mpendwa,

Natumaini barua hii inawakuta na afya. Mimi sijambo. Sasa niko Kadutu kwa Tante Clémence. Amejifungua mtoto wa kike, na nitabaki kumsaidia mpaka Septemba. Mtoto analia sana lakini mimi anaanza kunijua.

Papa, barua yako ilinitia furaha, halafu ilinitia hofu. Sikujua utasema mbele ya watu. Nimehesabu tena mara mbili, na tarehe haibadiliki. Naamini.

Tafadhali waambie watu wasiangalie juu. Toboeni karatasi kwa sindano, jua lipite kwenye tundu lianguke juu ya karatasi ya pili. Ikiwa kweli ni pete mtaona duara ndogo yenye giza katikati. Waambie hasa watoto. Na mara tu mambo yakiisha uniandikie, hata mistari miwili, umpe Télesphore siku ya Jumatatu. Nitamngojea mwenyewe pale kamiyo zinaposhusha mchele.

Nami nitaangalia huku, kwa saa ile ile.

Mtoto wako,
Nsimire

*

Bukavu, tarehe 11 Agosti 1980

Papa,

Habari za tangu jana? Mko wazima?

Huku mbingu ilikuwa nyeupe safi. Nilisimama nyuma ya nyumba tangu saa tisa na karatasi yangu. Saa kumi kasoro robo jua lilikuwa zima. Saa kumi bado zima. Nilisema labda saa yetu inachelewa. Nilisimama mpaka likashuka, na halikukatwa hata kidogo.

Labda huko kwenu ilikuwa tofauti. Télesphore hakuja leo. Tafadhali niandikie.

Mtoto wako,
Nsimire

*

Bukavu, tarehe 24 Agosti 1980

Papa mpendwa,

Nawasalimu, wewe na Maman. Mimi ni mzima wa mwili.

Sijapata jibu. Alhamisi Télesphore alileta kifuko cha mchele kutoka kwa Maman, bila barua. Nilimwomba anieleze. Hakutaka, akafunga milango ya kamiyo, akafungua tena, halafu akasema: «Batu balikuwa bengi, mutoto, ata ba Luvungi balikuja. Papa yako alishika karatasi yake yenye tundu mpaka jua ikaingia nyuma ya milima. Batu banaenda moja moja. Papa mukubwa yako akamuletea kiti: ‹Ikala, ndugu, pete iko njiani, imekosa kamiyo.›» Alisema pia kwamba mkutano wa kaye ya maji ni tarehe 31, na kwamba wengi wanasema mtu aliyekosea hesabu ya jua amekosea pia kumwandika Mama Delphine.

Masœur Constance amerudi. Nilimpelekea kitabu pamoja na hesabu yangu yote. Hakunigombeza. Aliniambia: «Nisomee ule mstari kwa sauti.» Nikasoma: siku elfu sita mia tano themanini na tano na theluthi. Akasema: «Theluthi yako iko wapi?»

Papa, niliiacha. Niliiona kwenye kitabu mwezi wa tano, nikaiacha makusudi, maana kalenda haina theluthi ya siku, na mbele ya siku elfu sita niliona ni kitu cha kutupa. Hata wewe sikukuandikia. Lakini theluthi ya siku ni masaa manane. Katika masaa manane dunia inageuka sehemu moja ya tatu ya mzunguko wake. Pete ilikuja kweli tarehe kumi. Masœur amehakikisha na mtu wa kituo cha utafiti huko Lwiro, anayefahamu mambo haya. Ila ilipofika, kwetu ilikuwa usiku, jua limekwisha kuzama. Waliopata kuiona ni watu wa Amerika ya Kusini, kwao ilikuwa mchana.

Masœur alinionyesha pia ukurasa ambao sikuwa nimefika. Wale wa Babeli yaliwapata hayo mara nyingi. Walitangaza kupatwa kwa jua, wakangoja, hawakuona kitu, kwa sababu kulipita upande mwingine wa dunia ambao hawakuujua. Hawakuvunja vipande vyao. Waliandika: tulingoja, halikuonekana. Kisha wakaendelea kuhesabu.

Kosa ni langu peke yangu. Kama itasaidia kitu, soma barua hii mkutanoni na utaje jina langu. Wewe uliona pete, na hesabu yako ya maji haina kosa. Aliyekosea ni mimi, mwenye 78.

Mtoto wako,
Nsimire

*

Luberizi, 3 Septemba 1980

Mutoto wangu,

Salama hapa. Mpunga wa juu tumekwisha kukata. Maman yako ndiye aliyetuma mchele bila kuniuliza, na alifanya vizuri.

Sikukukasirikia. Nilikuwa na haya, na mutu mwenye haya akishika kalamu inakuwa nzito. Nilikaa nyumbani Jumapili mbili bila kwenda misa.

Barua yako ilifika siku moja kabla ya mkutano. Nilifika kwenye neno theluthi nikapiga meza, maman yako akatoka jikoni mbio. Masaa manane! Nsimire, ungeniandikia hilo neno mwezi wa tano, ningekujibu siku ile ile. Mimi ninaishi na masaa manane. Mashamba thelathini na moja, siku kumi na masaa manane. Ulifungua maji asubuhi, utarudi mchana, kisha utarudi usiku. Zamu yako haijapotea, ila saa imeteleza. Jua limefanya vile vile.

Mkutanoni nilisoma barua yako yote, na mahali pa makosa yako nilisoma pole pole kama ulivyotaka. Marcellin akasema: «Maneno ya kitabu. Pete imeenda Amerika! Na mi nilikunywa chai na gavana.» Watu walicheka. Nikangoja wamalize. Nikawaambia: «Achaneni na Amerika. Mimi nawauliza juu ya mfereji. Nani kati yenu zamu yake imeteleza ikaanguka usiku mwaka huu?» Mikono ikainuka. «Maji hayakuja?» Wakasema yalikuja. «Mwenye kulala nyumbani aliyaona?» Wakasema hapana. Nikasema: «Jua lilipata zamu ya usiku. Na mimi niliwaita mchana. Njo hiyo tu.»

Kisha Mama Delphine, ambaye hasemagi kamwe kwenye mikutano, akamgeukia kaka yangu: «Marcellin, ata jua inakubali zamu ya usiku. Weye ni nani?»

Mutoto wangu, watu walicheka mpaka mwenyekiti akasimama juu ya benchi. Walipopiga kura juu ya majina, mikono ishirini na miwili ilitaka thelathini na moja ibaki. Mama Delphine anabaki na maji yake.

Lakini kaye niliiweka chini. Wengine walisema niishike, maana pete ilikuja kweli. Nikasema hapana. Nilishikana mkono na ndugu yangu juu ya pete itakayoonekana hapa, na hapa haikuonekana. Marcellin ndiye anayeishika sasa. Mikono yangu haijazoea kukaa bure jioni. Ninarekebisha mlango wa kuku.

Rudi shuleni. Na mambo madogo usiyatupe.

Papa yako

*

Luberizi, 23 Novemba 1980

Kwa Nsimire,

Mi Papa mukubwa yako Marcellin. Hapa tuko, asante Mungu. Darasa la sita linaendaje?

Hii kaye ya maji iko na mambo. Mwezi huu watu wawili walifungua maji saa ile ile, kila mutu anasema ni zamu yake, na wote wananionyesha kidole. Niliandika siku kumi, ile masaa manane ikanipotea. Nilienda kwa papa yako, ananiambia hesabu ni ya kaye na kaye ni yangu. Anacheka na kuku wake. Nasikia weye unajua sasa kuhesabu na theluthi. Uniandikie zamu zote za mwaka 1981, kila shamba na saa yake, niibandike kwenye mlango wa depo. Télesphore atapita Jumatatu.

Papa mukubwa yako,
Marcellin

*

Bukavu, tarehe 14 Desemba 1980

Papa mukubwa,

Salamu zangu kwako na kwa watu wote wa nyumbani. Darasa la sita ni gumu lakini linakwenda. Nafurahi kusikia kwamba mko wazima.

Orodha ni hii, kurasa kumi na nne. Nimeanza na shamba lako, kwa sababu ndilo la kwanza kwenye mfereji. Unafungua tarehe 1 Januari, saa kumi na mbili asubuhi. Unarudi tarehe 11, saa nane mchana, Mama Delphine akikuachia. Tarehe 21 ni saa nne usiku. Tarehe 1 Februari umerudi asubuhi. Wengine wote nao ni hivyo hivyo, kila mmoja kwa zamu yake, mpaka Desemba. Theluthi zote zimo.

Nimehesabu mara tatu. Lakini na ile ya Agosti nilihesabu mara tano. Kwa hiyo, Papa mukubwa, nakuomba usiibandike bado. Mpelekee Papa kwanza, mkae pamoja, aipitie mstari kwa mstari. Akikuta ni sawa aweke sahihi yake chini ya ukurasa wa mwisho, nimemwachia nafasi. Asipoiweka, usiitumie.

Mtoto wako,
Nsimire